Fujo za kuzuia watoto kusoma pamoja: mji unabaki vipi baada ya hapo?

Mwl_wa_Mpakani

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa primari, mzaliwa wa Busia ila huu ni mwaka wangu wa sita huku Kyegegwa, magharibi mwa Uganda, si mbali na kambi ya wakimbizi ya Kyaka, nafundisha P.5 na P.6. Nina swali na naomba mnisaidie mapema maana Ijumaa ya wiki ijayo kuna mkutano wa wazazi na nimeambiwa niongee.

Hali iko hivi. Huku kwetu watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji wanasoma shule moja, ndio utaratibu wa serikali siku zote, si kitu kipya. Sasa kulikuwa na kashule kadogo ka mabati upande wa kambi, upepo ukaezua paa lote usiku mmoja, ikaamuliwa watoto wa kule waje kwetu. Wiki mbili za kwanza hakuna neno. Kabisa. Walikaa wanne wanne kwa dawati, wakagawana vitabu, wasichana wakaanza kusukana nywele saa ya mapumziko chini ya mwembe. Halafu akaja jamaa mmoja kutoka mjini, si mtu wa hapa, ana pikap yenye spika juu na anatafuta kiti, akawa anazunguka senta kila jioni anasema leo wageni wamechukua shule yenu kesho watachukua ardhi. Siku ya nne asubuhi tukakuta njia ya kisimani imezibwa na magogo na watu wazima, watu wazima jamani, wanawarushia watoto mabonge ya udongo na mawe.

Nina msichana wa P.5, Mkongo, mdogo wa mwili. Aliingia darasani kengele imeshalia, sweta limejaa tope jekundu, madaftari ameyaficha ndani ya nguo kifuani yasichafuke. Hakulia. Alikaa akatoa daftari la hesabu akaanza kunakili ubaoni, na kidole chake kilikuwa kinatoka damu, kila namba anayoandika inaacha doa. Nikamwambia twende tukanawe. Akasema mwalimu ngoja nimalize.

Na kuna kingine kinaniumiza. Mmoja wa wale waliosimama kwenye magogo namfahamu vizuri, ndiye ananiuzia maziwa. Kesho yake alikuja mlangoni na kopo lake kama kawaida, akaniuliza habari za asubuhi, nami nikajibu nzuri nikampa hela. Sikujua nifanye nini kingine.

Hedimasta anasema tuache, huu ni moto wa mabua utazima wenyewe. Mimi nimekuwa nasoma mambo ya Marekani, ile hukumu ya 1954 iliyokataza kutenganisha watoto weusi na wazungu shuleni, na wale watoto tisa weusi wa Little Rock walioingizwa shule ya wazungu, lakini naona watu wanasimulia sana siku ya fujo, picha za siku ya fujo, basi wanaishia hapo. Mimi nauliza baada ya hapo. Mwaka mmoja, miaka kumi, wale watu waliokuwa wanarusha mawe na wale waliorushiwa wakaendelea kukaa mtaa mmoja, wakinunua chumvi duka moja, ikawaje? Shule ikawaje? Mwenye kujua aniambie.

Nesi_Entebbe

Mwalimu pole sana, na umfikishie pole yule binti. Nilivyofika kwa yule jamaa wa pikap nimeshtuka, nimeona kama unanisimulia Clinton. Nilifanya kazi ya unesi Knoxville, Tennessee, miaka minne, na Clinton ni mji mdogo jirani hapo hapo, wakati ule ulikuwa na watu kama elfu nne tu. Nilienda mara mbili siku zangu za off.

Kwanza ujue walikotoka. Watoto weusi wa Clinton walikuwa na shule yao ya primari juu kilimani, lakini wakimaliza hapo sekondari ya mji hawaruhusiwi, wanapakiwa kwa basi mpaka Knoxville, kama kilomita 30, kila siku ya Mungu, na sekondari iko hapo chini wanaiona. Wazazi wakashtaki 1950. Jaji Robert Taylor akawakatalia. Ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu tarehe 17 Mei 1954, majaji tisa wote sauti moja, kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na Januari 1956 jaji yule yule Taylor akaamuru Clinton ifungue mlango mwaka huo huo.

Na kama kwako, mwanzo ulikuwa mtulivu. Watoto 12 walijiandikisha kimya, mkuu wa shule D. J. Brittain alikuwa amejiandaa, watu wengi wa mji hawakupenda lakini walikuwa wanasema sheria ni sheria. Masomo yakaanza Jumatatu tarehe 27 Agosti 1956. Sasa siku mbili tu kabla akaingia kijana anaitwa John Kasper, miaka 26, anatoka nje ya jimbo, hana mtoto kwenye shule ile, si mtu wa pale, akaanza kugonga mlango kwa mlango na kuhutubia mbele ya mahakama. Wiki haijaisha kundi lilikuwa linasimamisha magari barabarani, wakiona mtu mweusi ndani wanalitikisa gari kutaka kulipindua. Polisi wa mji walikuwa wachache wakashindwa. Gavana Frank Clement ikabidi apeleke jeshi la akiba la jimbo, askari zaidi ya 600 na vifaru. Fikiria vifaru kwenye senta ya watu elfu nne.

Jeshi likatuliza, likaondoka. Hapo ndipo swali lako linaanza, maana fujo hazikuisha, ziliingia ndani ya jengo. Pini kwenye viti, wino kwenye vitabu, kusukumwa kwenye korido, mayai. Kufika mwisho wa Novemba wale watoto wakawa hawaendi tena. Tarehe 4 Desemba mchungaji mmoja mzungu, Paul Turner wa kanisa la Baptisti la mji, akapanda kilimani na wenzake wawili wakatembea na watoto mpaka mlangoni. Wakati anarudi peke yake wakamvamia wakampiga mpaka uso ukajaa damu. Na siku hiyo hiyo, mwalimu sikiliza hapa, mji ulikuwa unapiga kura ya baraza, na wale wagombea wa upande wa kubagua wakashindwa vibaya sana. Kumbe waliokuwa hawataki fujo ndio walikuwa wengi siku zote ile miezi mitatu. Walikuwa kimya ndani ya nyumba zao wakiogopa jirani atasema nini.

Sasa hasara. Kati ya wale 12 ni wawili tu waliopata cheti pale, Bobby Cain 1957 na Gail Ann Epps 1958. Familia zingine zilihama kabisa, ya Jo Ann Allen ilienda mpaka Los Angeles, na yeye alikuwa na miaka 15. Mtaa wa weusi ulitupiwa baruti. Halafu alfajiri ya Jumapili tarehe 5 Oktoba 1958 shule yenyewe ikalipuliwa, milipuko mitatu, walikadiria vijiti vya baruti 75 mpaka 100. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili hakufa mtu. Na hakuna aliyefungwa kwa ule mlipuko.

Unajua watoto walienda wapi? Wote, weupe na wachache weusi waliobaki, walipakiwa kwenye mabasi wakapelekwa mji jirani wa Oak Ridge, kwenye jengo la primari lililokuwa halitumiki. Bendi ya wanafunzi wa Oak Ridge iliwapokea ikiwapigia wimbo wa shule yao wenyewe ya Clinton. Mpaka 1960 ndio jengo jipya likafunguliwa. Yaani mji uliokataa watoto 12 wasiache kupakiwa kwa basi kwenda mbali, uliishia watoto wake wote kupakiwa kwa basi kwenda mbali, zaidi ya mwaka mzima.

Ile primari ya kilimani leo ni makumbusho, Green McAdoo, nje zimesimama sanamu 12 za shaba ukubwa wa mtu, na vitabu vyao mkononi. Nilisimama pale nikazihesabu. Lakini makumbusho yalifunguliwa 2006. Miaka 50, mwalimu. Miaka 50 ndio mji ukapata mahali pa kulisema lile jambo kwa sauti.

Baba_Wawili

Mimi ni mwenyeji wa Kyegegwa, mzaliwa, na nina watoto wawili kwenye shule kama hiyo. Sikurusha jiwe na waliorusha wamenitia aibu. Lakini mwalimu na wewe dada nesi msituweke wote kapu moja na wale wazungu wa baruti. Darasa la mtoto wangu mdogo wa P.3 sasa hivi lina watoto 140, mwalimu mmoja. Anarudi nyumbani daftari haijasahihishwa wiki mbili. Kisima ni kimoja. Kuni zimekwisha tunaenda mbali. Na wakubwa wanaotwambia tupokee wageni watoto wao wako bodingi Kampala, hakuna hata mmoja anayekaa wanne kwa dawati. Mbona mzigo wa kupokea watu unawekwa siku zote kichwani kwa maskini? Mtu akisema hivo anaitwa mbaguzi. Kwenye huo mkutano ukisimama ukatusimulia habari za Marekani tu bila kugusa hilo darasa la 140, watu watakusikiliza kwa heshima halafu watatoka na hasira zao zile zile.

Kijana_wa_Makindye

Baba Wawili umesema kitu kikubwa na sitaki kipite. Mwalimu, hiyo ni Boston kabisa, na Boston si kusini, ni mji wa kaskazini mwa Marekani uliokuwa unajisifu kwamba haya mambo ni ya wakulima wa kusini.

Juni 1974 jaji Arthur Garrity aliamua kwamba bodi ya shule ya Boston imekuwa ikitenganisha watoto kwa makusudi, miaka mingi, na kwa kweli ilikuwa hivo, ushahidi ulikuwa mezani. Dawa iliyowekwa ikawa kubadilishana watoto kwa basi, na sehemu iliyounganishwa ikawa South Boston, mtaa wa wazungu wa asili ya Ireland wenye maisha magumu, na Roxbury, mtaa wa weusi wenye maisha magumu. Tarehe 12 Septemba 1974 mabasi kutoka Roxbury yakapanda kile kilima cha South Boston High yakapokelewa na mawe, na jioni yakarudi nyumbani vioo vimepasuka watoto wamelala chini ya viti. Desemba mwanafunzi mmoja mweusi akamchoma kisu mwenzake mzungu ndani ya shule, kundi likaizingira saa nyingi, shule ikafungwa karibu mwezi. 1976 ndio ile picha ya wakili mweusi Ted Landsmark mbele ya ofisi za mji, kijana anamwelekezea mlingoti wa bendera ya Marekani kama mkuki, yeye alikuwa anapita zake kwenda mkutanoni.

Sasa hapa Baba Wawili. Watu wa South Boston walikuwa wanasema mbona ni sisi tu, mbona si matajiri wa nje ya mji, jaji mwenyewe anakaa Wellesley. Na hilo lilikuwa kweli! Julai ile ile ya 1974 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Detroit ilikataa kuwahusisha watu wa viunga vya mji, kwa hiyo mwenye uwezo wa kukaa nje alikuwa ameshajiondoa. Malalamiko yao yalikuwa na kiini cha haki kabisa. Lakini waliyapeleka kwa nani? Kwa mtoto wa Roxbury ndani ya basi, ambaye shule aliyotoka nayo ilikuwa mbovu. Basi likipigwa jiwe hakuna kesho yake mtu anayezungumzia matajiri wa Wellesley tena, kila mtu anazungumzia jiwe. Wale waliokuwa na la kweli la kusema walijiziba midomo wenyewe.

Na kilichobaki: wenye hela kidogo wakahama au wakalipia shule za private, vijana wengi wa South Boston wakagoma kwenda darasani mwaka mzima na wengine hawakurudi tena kabisa, zikabaki shule zenye watoto wa wale wasio na pa kwenda, wa rangi zote. Mimi nadhani darasa la 140 liwe ndio la kwanza kwenye huo mkutano, na lisemwe na mzazi mwenyeji na mzazi mkimbizi wamesimama pamoja, maana mtoto wa mkimbizi naye yumo kwenye hao 140, daftari yake pia haijasahihishwa.

Innocent_Bukavu

Mwalimu, ile ya kidole mimi naijua. Tulitoka Kongo 2013, nilikuwa na miaka 11. Kwenye kambi ya kwanza tulikuwaka tunatembea kwenda masomo, batu banasimama kando ya njia, banatuita majina, siku zingine mawe. Leo niko Kampala nashona nguo, nina fundi bawili, na majina ya wale waliotupa mawe siyakumbuki. Nakumbuka mama mmoja Munyankole aliyekuwa anauzisha ndizi pale kona. Siku moja alituona, akaacha ndizi zake bila mtu, akatembea na sisi mpaka kwa geti. Hakusema kitu. Kesho yake tena. Siku ya tatu hatukutupiwa kitu, maana ule mama batu bote balikuwa banamjua.

Nimesomaka habari ya Elizabeth Eckford wa Little Rock. Kwao hapakuwa na simu kwa hiyo hakupata ujumbe kwamba wenzake watakutana waende pamoja, akaenda peke yake 4 Septemba 1957, miaka 15, na gauni aliloshona. Askari bakamkatalia, kundi nyuma linapiga kelele, akatembea mpaka kwa stendi ya basi akakaa kwenye benchi. Mwandishi mmoja wa gazeti akaja kukaa karibu yake, na mama mmoja mzungu, Grace Lorch, akapanda naye basi. Mimi kama fundi nguo naangalia sana lile gauni kwenye picha. Jeupe, kwa chini lina drafti. Mtu amekaa usiku anapima na anakata kwa ajili ya siku yake ya kwanza ya masomo.

Kitu kingine munisaidie kusema kwa mkutano. Baba yangu alikuwa mwalimu Bukavu miaka 14. Hapa karatasi zake za Kifaransa hazikukubaliwa, akawa msaidizi wa darasa, anatafsiri maneno ya mwalimu mwingine. Wale walimu wa ile shule ya mabati bako wapi sasa? Maana hata Marekani wakati banaunganisha shule, walimu weusi ndio balifukuzwa, wanasema kama 38,000 kwenye majimbo 17 kati ya 1954 na 1965. Batoto bakaingia shule mpya, hakuna hata mwalimu mmoja anayewajua.

Mwl_wa_Mpakani

Innocent umenigusa mahali. Wale walimu wa mabati ni watatu. Wako nyumbani. Hakuna aliyewaita, na mimi sikuuliza. Darasa lina watoto 140 na walimu watatu wamekaa kambini. Nimeisoma sentensi yako mara tatu.

Mama_Nubi_Bombo

Salaam. Mimi niongeze kidogo tu, tusiongee kama haya ni ya Wazungu na sisi tumetoka salama. Wakati wa mkoloni hapa hapa Uganda kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, mbali mbali. Na hizo za Waafrika nazo zikagawanywa kwa dini, Budo na Gayaza za Waprotestanti, Namilyango na Kisubi za Wakatoliki, Mwislamu akitaka kusoma mbele anakuta mlango ni wa kanisa. Marehemu baba yangu alisoma shule moja ya misheni huko nyuma. Nyumbani alikuwa Yusuf. Cheti chake ninacho kwenye sanduku, kimeandikwa Joseph, kwa herufi nzuri za mkono za padri. Hakupigwa jiwe, lakini kila alipoomba kazi ilibidi aeleze huyu Joseph ni nani, na mpaka anazeeka akikitoa kile cheti alikuwa anakifunika jina kwa kidole gumba anapotuonyesha maksi zake.

Baada ya uhuru 1962 shule zilifunguliwa kwa rangi zote na hapakuhitajika vifaru. Miaka kumi tu watoto wamekaa dawati moja na Wahindi, ikaja Agosti 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke nchini, madawati yakabaki wazi. Mama yangu alikuwa na rafiki Mhindi darasani, mpaka leo akisikia jina la yule msichana ananyamaza.

Mwalimu hao wauza maziwa na wake zao waite kabla ya mkutano. Mmoja mmoja, nyumbani kwao, kwa chai. Mtu akiwa kwenye kundi hatakubali kosa lake mbele ya wenzake.

Afande_Mstaafu

Nimevaa magwanda ya polisi miaka 27, sehemu kubwa kaskazini. Nakubaliana na mama hapo juu lakini magogo yale yaripotiwe, yaandikwe kwenye kitabu, hata kama hakuna atakayekamatwa. Jambo lisiloandikwa linarudi. Na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, awe anaipita hiyo njia asubuhi yeye mwenyewe, miguu yake.

Lakini msitegemee askari tu. Little Rock Rais Eisenhower alipeleka wanajeshi wa kikosi cha 101 cha angani, zaidi ya elfu moja, wakawaingiza watoto tisa shuleni tarehe 25 Septemba 1957 na bunduki zenye singe. Askari alikuwa anamsindikiza mtoto korido mpaka mlango wa darasa. Ndani ya darasa haingii, chooni haingii, bafu la michezo haingii, na huko ndiko walikopigwa. Mwaka uliofuata, 1958, gavana wa jimbo hilo la Arkansas, Faubus, akaona bora azifunge sekondari zote nne za mji kuliko kuchanganya. Wanafunzi zaidi ya 3,600, wengi wao wazungu, wakafungiwa shule zao mwaka mzima. Wanauita mwaka uliopotea.

Na kuna wilaya moja Virginia, Prince Edward, hiyo ndiyo inanisumbua zaidi. Kule wanafunzi weusi waligoma 1951 wakiongozwa na msichana wa miaka 16, Barbara Johns, kwa sababu shule yao imejaa wanasomea vibanda vya karatasi ya lami. Kesi yao ikawa sehemu ya ile hukumu kubwa ya 1954. Ilipofika 1959 wamelazimishwa kuchanganya, wakubwa wa wilaya wakakataa kutoa bajeti. Shule za serikali zikafungwa. Zote. Miaka mitano, 1959 mpaka 1964. Wazungu wakafungua ya kwao ya private, watoto weusi kama 1,700 wakabaki hivi hivi, waliokuwa na ndugu mbali wakapelekwa, wengine wakaingia kwenye mashamba ya tumbaku. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 wakati zinafungwa alikuwa na 12 zinapofunguliwa, anakaa na watoto wadogo, anaona haya, anaacha. 2004 ndio jimbo likaweka fungu la kuwasomesha, na wao wameshakuwa na wajukuu.

Nimeona watoto wa namna hiyo kwenye kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita kaskazini. Miaka mitano ya mtoto hairudishwi na mtu. Nilikuwa nalinda foleni ya chakula, namuona kijana ana ndevu anaanza P.4, ameikunja miguu chini ya kile kidawati.

Baba_Wawili

Afande na kijana wa Makindye nimewasoma. Hiyo ya Prince Edward nilimsomea mke wangu. Mwalimu, kama ni shule ile ninayodhani, mimi nitakuja Ijumaa na nitalisema la 140 mwenyewe, na nikipata mzazi wa kambini wa kusimama naye nitasimama. Na la hao walimu watatu naliunga mkono, hata kama wataanza kama wasaidizi, wazazi tunaweza kuchanga mahindi na maharage wakati karatasi zao zinashughulikiwa.

Mwl_wa_Mpakani

Asanteni nyote, kwa kweli sikutegemea. Jana jioni nilienda kwa mwenye maziwa. Sikumpeleka Marekani wala wapi. Nilimuuliza tu kama anajua mtoto aliyemrushia udongo anaitwa nani. Hakujibu mara moja, alikuwa anaosha kopo, akaliosha muda mrefu sana. Halafu akaniuliza, anaitwa nani? Nikamwambia jina.

Nesi_Entebbe

Na yeye mwenyewe binti, alirudi shule?

Mwl_wa_Mpakani

Alirudi Jumatatu. Kidole kimefungwa kitambaa. Haipiti njia ya kisimani, anazunguka juu kwa mashamba ya kahawa, inamuongezea kama nusu saa, kwa hiyo anaondoka kwao bado giza. Na hayuko peke yake, nimeona leo wako sita, na wawili kati yao ni watoto wa wenyeji ambao kwao ni hapo hapo karibu na kisima.